Tumbo la Mwenyekiti na Pilipili ya Mama Antoinette

UMOJA WA MAFUNDI NA WACHUUZI "TUINUANE", KAMBI YA WAKIMBIZI YA DZALEKA

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichoanza Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kikavunjika, kikamaliziwa Jumamosi tarehe 5 Julai 2025

Mahali: Chumba cha cherehani cha Katibu

WALIOHUDHURIA
Mzee Abdoul Djafari, muuza vitenge: Mwenyekiti
Mzee Eliezer Kiza, mlima mboga na mzee wa kanisa: Makamu Mwenyekiti
Mama Antoinette, mwenye mgahawa: Mpishi wa Umoja
Bw. Rodrigue, muuza dawa sokoni: Mjumbe
Bi. Orpa Nahayo, fundi cherehani: Katibu

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Bw. Nizigiyimana, alikwenda Mponela kununua mahindi

ASIYEHUDHURIA BILA UDHURU
Bw. Épitace. Alipita nje, akasalimia dirishani, akaendelea na safari yake.

ALIYEINGIA BILA KUALIKWA
Mama Safi, mke wa Mwenyekiti (tazama Kumb. Na. 4)

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na nusu mchana, baada ya kumaliza kutafuna kidonge chake cha kiungulia. Wajumbe walisubiri, kwa kuwa maneno yake ya kwanza yalitoka na unga mweupe na hayakueleweka. Mwenyekiti alieleza kwamba kwa muda sasa kifua kinamwaka kama jiko la makaa, na kwamba vidonge hivyo, anavyonunua kwa Bw. Rodrigue, ndivyo vinavyomwezesha kuongoza. Alimpa Mzee Eliezer kimoja. Mzee Eliezer, ambaye hakuwa anaumwa popote, alikipokea kwa mikono miwili na kukitia mfukoni.

KUMB. NA. 2/06/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha mwezi wa tano. Alipofika kwenye maneno "Mwenyekiti alilalamika kwamba pilipili iliyozidi katika sombe (kisamvu) ya Mama Antoinette imemharibia tumbo", Mama Antoinette alisimama bila kuomba nafasi.

Alieleza kwamba maneno hayo yalifika sokoni kabla yeye hajafika nyumbani. Wateja sasa wanasimama mlangoni kwake wakiuliza kama maharage ya leo yanachoma, na wengine hawaingii kabisa. Alimgeukia Katibu na kusema: "Orpa, we njo uliandika vile? Na tunakaa jirani?"

Katibu alijibu kwamba kazi yake ni kuandika yaliyosemwa. Mama Antoinette alisema basi aandike na hili pia: kwamba amelisha watu tangu kwao Uvira, na hakuna tumbo lililowahi kumshitaki mpaka la Mwenyekiti. Limeandikwa.

Kumbukumbu zilithibitishwa. Mama Antoinette alipinga, akaketi, akampa Mwenyekiti mgongo.

KUMB. NA. 3/06/2025: MPISHI WA KARAMU YA MWAKA

Mwenyekiti alipendekeza kwamba karamu ya mwaka huu ipikwe na mtu mwingine. Alisisitiza kwamba hana ugomvi na mama huyo. "Mi siko na chuki na Mama Antoinette," alisema. "Niko na chuki na pilipili yake."

Mzee Eliezer alikumbusha kwamba sufuria ya sombe ilikuwa moja, watu walikula wengi, na yeye mwenyewe alikula mara mbili na akalala vizuri. Mwenyekiti alijibu kwamba tumbo la mkulima halifanani na tumbo la mfanyabiashara, lenye mawazo mengi. Mzee Eliezer aliomba jibu hilo liandikwe kama lilivyo.

Bw. Rodrigue alishauri Mwenyekiti aongeze vidonge. Mama Antoinette alisema kwamba kuanzia hapo yeye pia atauza pilipili na dawa ya pilipili kwenye meza moja, maana ameona biashara yenyewe inavyofanywa. Bw. Rodrigue aliomba asihusishwe.

Mwenyekiti alisimama ili kuhitimisha hoja yake. Hakuhitimisha. Alishika ukingo wa meza ya cherehani, jasho likimtoka ingawa siku hiyo ilikuwa ya baridi na wajumbe wote walikuwa wamevaa masweta. Aliketi tena, akatoa kidonge kingine mfukoni, na kusema kwamba kikao kiendelee.

KUMB. NA. 4/06/2025: JAMBO AMBALO HALIKUWA KWENYE AJENDA

Wakati huo Mama Safi, mke wa Mwenyekiti, aliingia. Mwenyekiti alimweleza kwamba kikao ni cha kamati peke yake. Mama Safi alijibu: "Njo sababu nilikuja kwenye kamati. Mi nyumbani hanisikiaka."

Mama Safi alieleza kwamba mumewe anashindwa kupanda hata kijilima cha kwenda msikitini bila kupumzika, na kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Alipomuuliza, mumewe alisema ni sombe. Alimkataza asimwambie mtu.

Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. "Mambo ya choo haiko mambo ya kamati," alisema.

Katibu aliomba mwongozo. Mzee Eliezer alipendekeza yaandikwe, Bw. Rodrigue akaunga mkono huku akitazama sakafu. Yameandikwa.

Mama Antoinette, ambaye mpaka hapo alikuwa bado amempa Mwenyekiti mgongo, aligeuka. Aliuliza ni cheusi cha namna gani, na kama kinanata. Mama Safi alisema kinanata.

Mama Antoinette alisema kwa sauti ya chini, na Katibu anaandika kama alivyosikia: "Kaka yangu kule Uvira alikuwa vile. Tulikuwa tunamuchekelea, tunasema amekula makala ya jiko. Ilikuwa damu, Prezida. Damu ya ndani ikipita tumboni inatoka nyeusi. Tulimupeleka hospitali tayari imechelewa."

Mwenyekiti alieleza kwamba hajakataa hospitali, ila wiki hii kuna mzigo wa vitenge unaotoka Lilongwe. Mama Safi alisema wiki iliyopita pia kulikuwa na mzigo. Ndipo Mwenyekiti alipokiri kwamba anaogopa. Alisema akienda watampasua, na mtu akipasuliwa katika nchi ya wenyewe, nani atajua jinsi ya kumrudisha alivyokuwa?

Mama Antoinette alisema: "Unichukie mpaka kufa, sawa. Lakini leo kikao hii hauifungi. Simama."

Mwenyekiti alisimama.

Kabaza wawili, waendesha baiskeli za abiria, waliitwa barabarani. Kabla ya kupanda baiskeli, Mwenyekiti alikabidhi kiti kwa Mzee Eliezer, akifafanua kwamba anamkabidhi akishike, si akikalie. Mama Safi alipanda kabaza wa pili na kumwambia mwendeshaji "zikomo, fulumira", yaani ahsante, fanya haraka. Walielekea kituo cha afya cha kambi. Baadaye jioni habari zilifika kwamba gari la wagonjwa limempeleka Lilongwe.

Kikao kiliahirishwa. Mzee Eliezer alibaki amesimama kando ya kiti mpaka wajumbe wote walipotoka.

KIKAO KILIENDELEA TAREHE 5 JULAI 2025

Wajumbe walikuwa walewale. Bw. Nizigiyimana na Bw. Épitace nao walihudhuria. Bw. Épitace alisema wazi kwamba amekuja kusikiliza mambo ya tumbo. Mama Safi aliruhusiwa kuwapo kwa kura ya wote.

KUMB. NA. 5/07/2025: TAARIFA YA MWENYEKITI

Mwenyekiti alieleza kwamba alilazwa hospitali Lilongwe na kuongezewa damu. Alisema walimmezesha mpira mwembamba wenye taa kichwani, ukashuka mpaka tumboni, na daktari akawa anatazama tumbo lake kwenye televisheni. Bw. Épitace aliuliza kama na yeye aliliona. Mwenyekiti alijibu kwamba wakati huo alikuwa na shughuli nyingine.

Walikuta kidonda ndani ya tumbo, nacho kilikuwa kinatoa damu. Waliisimamisha damu hiyo kwa mpira uleule. Hakupasuliwa.

Daktari alimuuliza ni dawa gani anatumia. Mwenyekiti alitaja vidonge vya kutafuna, kwa fahari, kama mtu anayejali afya yake. Ndipo Mama Safi alipofungua mkoba wake na kuweka kitandani vidonge vingine: vile vya rangi ya waridi ambavyo mumewe humeza asubuhi na jioni kwa ajili ya magoti.

"Munganga alishika kile kidonge cha magoti," Mwenyekiti alisema, "akaniangalia kama muntu aliyeshika mwizi. Akasema, mzee, hii njo ilichimba kidonda. Na kile cha kutafuna kilikuwa kinanyamazisha moto tu, kidonda kinaendelea na kazi yake."

Bw. Nizigiyimana aliuliza kuhusu pilipili. Mwenyekiti alikohoa, akanywa maji, akajibu kwamba daktari alisema pilipili inaweza kumuuma mwenye kidonda, lakini siyo iliyochimba. Mama Antoinette aliomba jibu lirudiwe, kwa kuwa kulikuwa na kelele nje. Hakukuwa na kelele nje. Mwenyekiti alirudia.

Kuhusu matibabu, Mwenyekiti alieleza kwamba dawa ya magoti ameiacha kabisa. Amepewa omeprazoli, dawa inayopunguza asidi tumboni ili kidonda kipate nafasi ya kupona, na anaimeza nusu saa kabla ya kula. Ameambiwa asiache hata akijisikia vizuri, mpaka daktari aseme. Na choo kikiwa cheusi tena, asingoje kikao.

Bw. Rodrigue alisimama. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile. "Muzee aliomba dawa ya magoti, nikamupa ya magoti. Aliomba ya tumbo, nikamupa ya tumbo. Sikuuliza kama magoti na tumbo ni ya muntu moja." Alisema sasa anamuuliza kila mteja anameza nini kingine, na mwenye maumivu yasiyoisha anamwelekeza kituo cha afya. Aliongeza kwamba biashara imepungua. Mama Antoinette alisema anaijua hali hiyo.

KUMB. NA. 6/07/2025: MAREKEBISHO YA KUMBUKUMBU ZA MWEZI WA TANO

Mwenyekiti alipendekeza kwamba katika kumbukumbu za mwezi wa tano, maneno "pilipili iliyozidi" yasomeke "pilipili".

Mama Antoinette alisema haitoshi.

Mwenyekiti alipendekeza yasomeke "pilipili ya kawaida".

Mama Antoinette alisema hakuja kusahihisha sarufi. Alisema: "Prezida, watu walinikimbia. Sufuria ya maharage nilikuwa narudisha nyumbani imejaa, batoto wangu wanakula maharage asubuhi, saa sita, magaribi. Waliniomba mchele kama watu wanaomba likizo."

Mzee Eliezer alicheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka.

Mwenyekiti alisimama, akavua kofia. Alisema kuna jambo ambalo hakuliweka katika taarifa yake. Siku yake ya tatu hospitalini, Mama Antoinette alifika wodini. Alikuwa ametoka Dzaleka asubuhi na chupa ya uji mwepesi, akapotea City Centre, akaulizia njia kwa Kichewa chake kile, akafika. Mwenyekiti alipomwona mlangoni alifumba macho.

"Nilijifanya nimelala," alisema. "Sikuwa na usingizi hata kidogo. Nilikuwa na haya. Muntu nilimuharibia jina, analeta uji. Nilimusikia anaongea na Mama Safi, anamuuliza kama nimekula, nikashindwa kufungua macho. Mama Antoinette, nilikukosea. Unisamehe. Sekretere, andika yote."

Yote yameandikwa.

Mama Antoinette alipangusa kwenye kitenge chake kitu ambacho Katibu hakukiona. Kisha alisema: "Nilijua haukulala. Muntu analala hamezi mate akisikia harufu ya uji." Akasema amesamehe, lakini hajasahau, na kwamba kusahau kutategemea jinsi Mwenyekiti atakavyoongea sokoni.

Iliazimiwa kwamba Mwenyekiti atakula chakula cha mchana kwenye mgahawa wa Mama Antoinette siku ya soko, kwenye meza ya mbele, mahali anapoonekana vizuri na wapita njia.

KUMB. NA. 7/07/2025: MPISHI WA KARAMU

Mama Antoinette alipitishwa bila kupingwa. Alitoa sharti moja: kwamba pilipili itakuwa pembeni kwenye kibakuli, na hakuna mtu atakayemsogezea Mwenyekiti kibakuli hicho hata akiomba kwa machozi. Mama Safi aliunga mkono kabla Mwenyekiti hajafungua kinywa.

KUMB. NA. 8/07/2025: KUFUNGA KIKAO

Mama Antoinette alitangaza kwamba amekuja na chakula: bugari, yaani ugali, samaki wa kuchemsha na mchicha wa lenga-lenga, vyote bila pilipili, kwa wajumbe wote ili asile mmoja peke yake kama mfungwa. Vifuniko vilipokaribia kufunuliwa, Mama Safi alimuuliza mumewe kama amemeza dawa. Hakuwa amemeza. Alimeza hapohapo, na ikabidi ingojwe nusu saa.

Bw. Épitace alipendekeza wengine waanze. Hakuungwa mkono.

Mwenyekiti, ambaye siku zote husema bismillahi moja na kunawa, alimwomba Mzee Eliezer aombee chakula hicho kwa namna ya kanisani kwake, na asijibane. Mzee Eliezer alishukuru kwa nafasi hiyo. Aliombea chakula, mpishi, madaktari wa Lilongwe, kabaza wawili na baiskeli zao, damu na yule aliyeitoa bila kujua itakwenda kwa nani, vitenge, mboga, Bw. Rodrigue na wateja wake, kisha wagonjwa wote wa tumbo, wanaojijua na wasiojijua. Bw. Nizigiyimana alisinzia. Mwenyekiti alitazama saa, akamgusa Mzee Eliezer begani na kumwambia aendelee kidogo, anaomba vizuri.

Mzee Eliezer aliendelea. Aliposema amina, nusu saa ilikuwa imetimia, na Mama Antoinette alimpakulia Mwenyekiti kwanza.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo jioni, wajumbe wakiwa wananawa.

Mwenyekiti: Abdoul Djafari (sahihi)
Katibu: Orpa Nahayo (sahihi)