Blanketi Juu ya Sabuni

Siakago, Jumatano

Nilijua ni yeye hata kabla sijamwuliza.

Asubuhi nilimimina sabuni ya asali kwenye makasha mawili, moja jikoni, moja chumbani kwetu. Nikayafunika mablanketi mazito, kama mama alivyonifundisha kule kwetu Meru. Sabuni bila joto haigeuki jeli, ile rojo angavu kabla ya kuganda, na isipogeuka haipendezi.

Nilipotoka sokoni nikakuta kasha la jikoni liko wazi, blanketi limekunjwa kando. Mama mkwe alikuwa mlangoni akichagua ndengu. Tangu nianze kuuza sabuni haniangalii vizuri. Nikajiambia, haya, sasa ameanza kuniharibia kazi.

"Mama, umegusa sabuni yangu?"

"Nimegusa. Ilikuwa na homa, Mama Njeru. Mtoto mwenye homa unamfunika blanketi?"

Nilikimbia chumbani kuangalia ile nyingine, iliyofunikwa sawasawa. Ilikuwa imefura, ikapasuka katikati na kumwagika sakafuni. Ya jikoni ni laini, haina hata ufa.

Meru ni baridi. Huku hata ukuta unachoma, na asali inaongeza moto. Miaka minne hapa, na sikuwahi kufikiria hilo.

Ya chumbani hangeiokoa. Mama mkwe haingii chumba cha mwanawe.

Lakini bado namshuku. Alijuaje joto la sabuni kwa kiganja tu, mtu asiyetaka hata kuiona? Labda amekuwa akiigusa siku zote, nikitoka.