Mimba Iliyoombewa na Kanisa Zima

Mama yangu kipenzi,

Unakumbuka baridi ya Masereka? Sisi watoto tumejifunika blanketi hadi puani, wewe umekaa mlangoni unajipepea kwa mfuniko wa sufuria, jasho linakutiririka shingoni. "Mama iko na malaria," tulisema. Baba akakuletea vidonge vya kinini, ukameza bila kubisha. Kumbe ulijua, ukanyamaza.

Sasa zamu yangu imefika. Damu ya mwezi ilikatika, kiuno kikapotea, tumbo likaanza kunitangulia. Siku nilipoingia kanisani hapa Butembo nimefunga sketi kwa pini, mama mmoja wa kwaya alinitazama akapiga vigelegele: "Sara wetu! Mimba ya uzeeni!" Jumapili iliyofuata mchungaji aliiombea mimba yangu mbele ya watu wote. Mume wangu, Baba Paluku, aliitika amina kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa.

Mimi niliogopa jambo lingine. Shangazi pia alianza kwa tumbo kuvimba, tukamzika. Basi tukapanda gari hadi Beni, kwa muuguzi. Akanipima, akaniuliza maswali, akatabasamu.

"Mama, hapana mimba. Hapana ugonjwa. Ni ile wakati banamuke banaacha kuona mwezi. Mwili inabadilika."

"Na hii tumbo?"

"Hii ni yako mwenyewe."

Baba Paluku alimkumbatia muuguzi kabla ya kunikumbatia mimi. "Merci, aksanti! Miye nilikuwa nishaanza kutafuta jina!"

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani nikalia, Mama, kwa sababu mtu niliyetaka kumweleza ni wewe. Ungekuwa hai, ningekuuliza moto huu wa mwilini unaisha lini, na kama wewe pia ulitamani kuvunja sahani bila sababu.

Ilibidi nitoe ushuhuda kanisani. Nikasema Sara amezaa mafuta matupu. Watu walicheka, lakini baada ya ibada wamama walinizunguka nje, kila mmoja na yake. "Miye nalala dirisha wazi," mmoja alisema, "bwana yangu analala na koti." Kumbe kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Jumapili hii mchungaji aliuliza, kwa uangalifu sana, kama nina ombi. Nikasimama.

"Ndiyo, Pasta. Tuombee mabwana yetu. Baridi itabauwa."

Pumzika salama, Mama. Nakupenda kwa ukubwa wangu wote.

Binti yako, Kavira