Kanzu Yangu na Kiboko wa Wanajeshi

Ijumaa, Rumonge

Itangazwe rasmi: kanzu mpya ya mchinjaji wa mji, yaani mimi, imeharibiwa na damu. Nimemwambia mke wangu nimeteleza machinjioni. Kwa tumbo langu hili kubwa, kaamini.

Ukweli ni mwingine. Tangu vita vianze, wanajeshi wanaua viboko na kuuza nyama. Leo wamemmiminia risasi mmoja ufukweni mwa ziwa, ndama wake kando. Waislamu hatununui mzoga, ndiyo maana wakaniita.

"Muzee, chinja."

"Afande, huyu iko amekufa."

Mtutu ukanigusa shingo. "Sema iko muzima!"

Basi nikadanganya: nikapaza bismillahi, nikapitisha kisu. Damu ikanirukia kifuani, jicho la kiboko likanigeukia.

Alikuwa mzima kweli.

Nyama imeisha kabla ya alasiri. Ndama bado analia, hata hapa nyumbani namsikia.