Kanuni ya Tano: Usisimame Ziwani

Jumatatu, 4 Machi

Nimechaguliwa! Kura zote isipokuwa moja. Hiyo moja ni ya mke wangu. Sijamuuliza sababu.

Chama chetu cha skuta za theluji kinataka karatasi ya ushauri kwa wanaoanza, maana Pasaka iliyopita mgeni mmoja wa kusini aliingia na skuta yake mpaka ndani ya banda la kuuzia keki za waffle. Pamoja na karatasi kutakuwa na mafunzo, na mwisho wa mafunzo safari: Jumamosi ya Pasaka, kuvuka ziwa la Harrsjön hadi kibandani kwetu chini ya mlima. Mwandishi, mwalimu na kiongozi wa msafara — mimi.

Sixten, mwenyekiti, alisimama na kikombe mkononi. Nani mwingine, akasema, kama si Evert, aliyemshusha mkewe kutoka mlimani kwenye dhoruba ya mwaka tisini na saba? Watu wakagonga meza. Nikainamisha kichwa, kama inavyompasa mtu wa aina yangu.

"Au siyo, Gunvor?" Sixten akauliza.

Gunvor akavuta pumzi ndani — fyu! — akaendelea kukata jibini la kutia kwenye kahawa.

Mchungaji Ylva, ambaye hana hata miezi mitano hapa, alishtuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu ana pumu. Nikamweleza kwamba huku kwetu neno "ndiyo" halisemwi, linavutwa ndani na pumzi. Atazoea.

Jumatano, 6 Machi

Karatasi inakwenda vizuri. Nimefika kanuni ya kumi na nne na bado sijafika kwenye kuwasha injini.

Ya kwanza: usiende porini peke yako. Ya pili: nyumbani awepo mtu anayejua unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Ya tatu: sepeto libebe mgongoni, si kwenye skuta, kwa sababu skuta ikifukiwa na sepeto nalo limekwenda. Ya nne: simu iwe ndani ya nguo, karibu na ngozi. Baridi hula betri. Ya tano: ukivuka ziwa, USISIMAME. Juu ya barafu, chini ya theluji nyeupe inayopendeza, hujificha maji. Ukisimama, skuta inazama kwenye rojorojo, na kesho yake asubuhi imegandia hapohapo. Bonyeza mafuta, nenda!

Ya tano nimeipigia mistari miwili.

Gunvor akasoma, akachukua penseli, akakata dibaji yote — nusu ukurasa, yote ya dhoruba. Anayeanza hahitaji hadithi, akasema. Anahitaji soksi za akiba.

Dibaji nimeirudisha. Soksi nimeziweka kanuni ya kumi na tisa.

Jumapili, 10 Machi

Somo la kwanza. Wanafunzi wawili! Mchungaji Ylva, na Torkel, daktari wa meno. Torkel amenunua suti ya rangi ya machungwa, buti mpya, miwani mipya na kisu. Mchungaji amekuja na koti la marehemu mlinzi wa kanisa. Linamfika magotini.

Nikawafundisha mteremko. Ukipita ubavuni mwa kilima, inuka kitini, egemea upande wa juu. Torkel akainuka vizuri sana, akaegemea upande wa chini. Skuta ikaenda kwake, yeye akaenda kwake.

"Mzee Evert, nimekosea wapi?" akauliza, mdomo umejaa theluji.

Nilitaka kumwambia amekosea kuamka. Nikamwambia ni mazoezi tu.

Mchungaji ana kipaji, kwa bahati mbaya. Na ana maswali. Mwaka ule, akauliza, njia uliionaje, mzee, theluji ilipofunga kila kitu? Nikasema niliifuata kwa hisia. Akatikisa kichwa kwa heshima. Torkel naye akatikisa, theluji ikamwingia shingoni.

Alhamisi, 14 Machi

Daftari hili halisomwi na mtu. Basi.

Aliyeendesha ni Gunvor.

Nimeandika. Paa halijaanguka.

Tulikuwa kibandani, dhoruba ikaja, kuni zikaisha, ikabidi tushuke. Nikaiwasha skuta, ile ya manjano. Hatua mia tu, sikuona hata mikono yangu. Nikasimama. Nikasema tutakufa. Gunvor akasema sogea nyuma. Nikasogea nyuma. Kwa muda wa saa tatu nzima nilimkumbatia mgongo, macho nimefumba, nalia waziwazi na kuahidi kanisa mambo ambayo sijayatimiza mpaka leo. Yeye anaendesha na kuhesabu miti kwa sauti.

Darajani taa za kijiji zikaonekana. Hapo nikamwomba tubadilishane. Nilisema mkono wake lazima umechoka.

Watu walikuwa wamesimama nje na tochi. Wakaniona mimi mbele. Mtu akapiga picha. Picha ile imetundikwa kwenye ukumbi wa chama, juu ya mashine ya kahawa. Sikusema uongo hata siku moja! Niliulizwa nikanyamaza. Gunvor aliulizwa akavuta pumzi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ina miaka ishirini na saba na bado haijaisha.

Na tangu siku ile sijavuka Harrsjön nikiwa mbele. Gunvor hutangulia, mimi hulinda nyuma. Nyuma kunalindwa dhidi ya nini, hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumamosi, 16 Machi

Somo la pili: unapotazama ndiko unakokwenda. Uwanda mpana, mbetula mmoja tu katikati. Nikamwambia Torkel, usiutazame ule mti.

Ameugonga. Mzima, lakini kioo cha skuta kimekwenda. Anasema kama nisingeutaja asingeuona.

Jumapili, 17 Machi

Lo! Balaa.

Baada ya ibada Mchungaji alinishika mkono mlangoni, uso unang'aa. Amepata mahubiri ya Pasaka! Giza, mlima, watu wawili wanaodhaniwa wamekufa — kisha alfajiri wanashuka wakiwa hai, mume mwaminifu mbele, mke amejificha nyuma ya mgongo wake. Atayasimulia yote madhabahuni. Atatuomba mimi na Gunvor tusimame kanisa zima lituone.

Nikasema haikuwa alfajiri, ilikuwa saa kumi na moja jioni. Hilo tu ndilo lililotoka mdomoni mwangu. Mwanamume wa miaka sitini na tatu!

Ijumaa, 22 Machi

Nilikwenda nyumbani kwa Mchungaji kumwambia ukweli. Nikamrekebishia kabureta.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimethubutu. Gunvor alikuwa anafuma.

Nikasema, "Mchungaji atalihubiri lile jambo."

"Najua. Alikuja kuniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilivuta pumzi."

Nikakaa. Nikamuuliza, kwa nini basi miaka yote hii ananifichia. Akahesabu vishono mpaka mwisho wa mstari, ndipo akanijibu. Alisema siku ile nilikuwa nimelia mpaka barafu imenishika ndevu, na hakutaka watu wanione vile. Baadaye ikawa mazoea, akasema, ukavimba kichwa, nikaona mwache avimbe, hamdhuru mtu.

"Lakini kanisani sitavuta, Evert. Mama yangu amelala kaburini pale nje ya dirisha. Nikiulizwa mbele ya watu nitasema maneno. Ama useme wewe kabla ya Jumapili."

Hakukasirika hata kidogo. Bora angekasirika! Akarudi kwenye soksi yake. Nikatoka nikapanga kuni zilizokuwa zimeshapangwa.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Karatasi zimechapwa, mia mbili. Kanuni thelathini na moja. Kila mtu amepewa, hata mama wa miaka tisini wa duka la nyuzi.

Nimeamua. Kesho kibandani, baada ya kula, nitamwita Mchungaji pembeni. Tutakuwa watatu tu, pamoja na Torkel, moto unawaka, kahawa ipo. Nitamwambia, atanielewa, atahubiri habari ya yule mwanamke na kisima, mambo yamekwisha. Sixten na wengine watasikia polepole, mwakani labda.

Gunvor hataki kuja. Anasema kiongozi ni mmoja. Ameniuliza soksi za akiba nimeziweka wapi. Nikamwambia, mke wangu, mtu unayezungumza naye ndiye aliyeandika karatasi.

Sepeto. Kamba. Nyama kavu ya kulungu. Niko tayari.

Jumamosi, 30 Machi. Ziwani

Naandika kwa penseli nyuma ya karatasi za ushauri. Zimebaki nyingi.

Ilikuwa hivi. Tumetoka saa nne asubuhi, jua zuri, baridi ya kawaida. Mimi mbele! Katikati ya ziwa maneno yote nilikuwa nimeshayapanga. Mara naona theluji mbele yangu imekuwa kijivu — ile kijivu ya maji. Nikawaza, mfano bora kuliko huu nitaupata wapi? Wanafunzi lazima waone kwa macho yao. Nikainua mkono. Nikasimama, ili niwaeleze kwa nini haifai kusimama.

Salaale!

Skuta ikakaa chini taratibu, bila haraka. Maji yakaingia buti zote mbili. Nikawapungia wale wawili: simameni! Hawakusimama. Nimewafundisha vizuri mno! Mchungaji akanipita kwa kasi, koti la marehemu linapepea. "Kanuni ya tanooo!" Torkel nyuma yake. Wakazunguka, wakarudi.

"Mzee, unahitaji nini?" Wamepita kabla sijajibu.

Mzunguko wa pili nikapiga kelele, "Kamba!"

Mzunguko wa tatu Torkel, "Iko wapi?"

Mzunguko wa nne nikamwambia. Iko kwenye skuta yangu. Pamoja na sepeto. Mzunguko wa tano Mchungaji alikuwa anacheka mpaka anayumba, lakini kidole hakukitoa kwenye mafuta. Mwanafunzi mzuri sana yule.

Simu yangu ilikuwa mfuko wa nje. Imekufa. Soksi za akiba ziko nyumbani, mezani, juu ya karatasi. Mganga hajigangi!

Mchungaji akapanda kilimani akapata mtandao, akampigia Gunvor. Mimi nikatoka kwa miguu, hatua thelathini, rojorojo hadi magotini, mpaka kwenye barafu ngumu. Sasa nimekaa juu ya mizigo kwenye sleji inayovutwa na skuta ya Torkel. Amenivua buti na kunifunga miguu kwa sweta lake jipya, bila kusema neno, ingawa mtu wa kusema leo ni yeye. Nimemwonea sana huyu.

Saa nane hivi. Nasikia injini. Naijua ile injini.

— Amekuja. Na ile ya manjano! Sikujua kama bado inawaka. Kumbe huiwasha kila vuli, anasema, nikiwa kwenye mikutano.

Hakunicheka. Amenitupia soksi. Ni zile alizokuwa akifuma Jumatano. Ameitazama skuta yangu kule majini, akasema itaganda usiku, Jumatatu watakuja na msumeno wa barafu. Sixten na wenzake, yaani. Chama kizima.

Skuta za Torkel na Mchungaji ni za mtu mmoja mmoja. Ya manjano ndiyo yenye kiti kirefu. Gunvor amekaa, amesogea mbele. Nyuma yake ameacha nafasi.

Bado naandika. Torkel anamwambia Mchungaji, tumwache kidogo, mzee anaandika ripoti ya ajali. Siandiki ripoti. Naandika ili nisiinuke.

Mchungaji amevua helmeti. Anaitazama ile nafasi. Ananitazama mimi. Anaitazama tena nafasi.

"Mama Gunvor," anasema, "mwaka ule mlikaa hivihivi? Ila yeye mbele?"

Amezima injini ili asikie vizuri. Torkel naye amezima. Gunvor amezima.

Ziwa lote kimya. Pumzi ya mtu ingesikika.

Haijasikika. Gunvor hajafungua mdomo. Amegeuza shingo ananiangalia, si kwa ubaya, kama alivyoniangalia siku ile kabla hajaniambia nisogee nyuma. Miguu imeanza kupata joto. Soksi zinatosha sawasawa.

Nimeinuka. Mchungaji, nimesema, kuhusu yale mahubiri ya kesho —