Ukuta Uliokuzidi Kimo

Nyalenda, Kisumu
3 Agosti 1987

Binti yangu Dorca,

Salamu nyingi kama omena, wale dagaa wa ufuko wa Dunga. Mimi mzima, isipokuwa yale macho. Jana nilipanda kilima mpaka kwenye ule mnara wa zamani wa askari, bila kupumzika. Nikawapita hata mbuzi.

Haya, nimedanganya. Niliishia mwamba wa kwanza, na mbuzi ndio walionipita. Mmoja aligeuka akaniangalia kwa huruma. Lakini nitafika. Daktari amesema macho yatazima kabisa kabla ya Krismasi, na dawa hakuna. Basi nataka kuliona ziwa kutoka kule juu mara moja tu. Kila wiki naongeza mwamba.

Baba yako mkaidi,
Obiero

Eldoret
15 Agosti 1987

Mpendwa Baba,

Habari ya nyumbani? Sisi tuko salama, watoto wanakusalimu. Baba, tafadhali. Ukiteleza huko nani atakuokota, mbuzi? Ziwa unaliona hata ukiwa Dunga, bila kupanda popote. Njoo ukae kwetu. Mume wangu Enos ameshakutafutia kitanda.

Binti yako,
Dorca

Nyalenda
2 Septemba 1987

Dorca mama,

Asante kwa barua. Kifua kizuri, magoti yanalalamika kama wakwe. Nimefika mwamba wa tano.

Mimi nivunje mwiko nilale nyumbani kwa mkwe? Unataka wazee wa hapa wanicheke mpaka kaburini? Na ukiwa Dunga unaona matako ya mashua tu. Mnarani ndipo unaliona ziwa lenyewe, mpaka milima ya Homa ng'ambo, kwao marehemu mama yako. Ukinikataza tena, nitapanda nikiimba.

Baba yako

Eldoret
20 Oktoba 1987

Baba,

Hujambo? Nimeandika mara mbili, kimya. Kama umekasirika, nitukane basi, nijue uko hai.

Dorca wako

Nyalenda
4 Novemba 1987

Dorca mama,

Niko hai, na ugali namaliza. Mwandiko huu ni wa jirani yetu Milka. Nasema, anaandika, na nimemkataza kunisafishia maneno.

Macho yalizima mwezi uliopita, nikiwa mwamba wa saba. Ndiyo sababu ya kimya. Lakini Jumamosi nilipanda. Safari hii sidanganyi. Milka alikuwa nyuma yangu akinitukana njia nzima. Nilipanda kwa fimbo, pengine kwa makalio, na ngazi za mnara nikazipapasa moja moja. Nilidhani kule juu mwanga ni mwingi, labda kidogo utaingia. Haukuingia. Upepo tu, na harufu ya samaki.

Sasa, nakudai kitu kidogo. Ulipokuwa na miaka minne nilikubeba mgongoni mpaka kule. Ukalia, kwa kuwa ukuta wa juu ya mnara ulikuzidi kimo, na mgongo wangu ulikuwa umekataa kukuinua tena. Nikasimama nikakueleza yote: mashua, visiwa, moshi wa wachoma samaki. Nikasema naona hata mfalme wa Uganda akinywa chai, ukanyamaza.

Krismasi njoo. Sitaki unibebe, nitapanda mwenyewe. Wewe simama ukutani uniambie unachoona. Mfalme pia umtaje.

Baba yako,
Obiero