Nani Aliyesema Habari za Seva Yetu

Nyuma ya soko,
Kilindoni, Mafia.
14 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Aqeel,

Assalaam alaykum. Ungekuwa mbele yangu ungeniamkia kwanza, basi marahaba, hata kama shikamoo yako imebaki huko Toronto. Hujambo? Banu hajambo? Watoto wameizoea baridi, au bado wanalala na soksi? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Presha yangu imeshuka kidogo, na shemeji yako Samina anaendelea kuninyima chumvi. Anadhani sijui anapoificha.

Dada Rukhsana alikuja wiki iliyopita kutoka Kirongwe na korosho za kukuletea wewe. Nusu amekwisha kuzila mwenyewe hapa hapa sebuleni, akisema anaonja tu.

Sasa kuna jambo ambalo sikutaka kulisema kwa simu, maana kwenye simu nakuwa mkali halafu sisemi nilichokusudia. Lisome mpaka mwisho.

Unaijua ile seva niliyoiweka chumba cha Mama, yenye sauti yake tuliyoitoa kwenye kanda, na picha za harusi zetu zote. Unajua pia kwa nini niliiweka nyumbani. Wanawake wetu katika picha zile wamevua baibui, wamefungua nywele, wanacheza. Siwezi kuwapeleka kwenye mashine ya mtu nisiyemjua, ng'ambo, eti kwa sababu ni bure. Mtu anayejitolea kukuhifadhia mambo ya ndani bure, mimi humtazama mara mbili. Kwa hiyo ikakaa kwetu, na nyinyi mlio mbali mkawa mnaifungua kwa neno la siri.

Mwezi wa nane ikaja barua kutoka kampuni inayotuletea intaneti. Wamepata taarifa kwamba naendesha seva nyumbani, na mkataba wa mteja wa nyumbani unakataza. Niizime ndani ya siku sitini au watanikatia. Nikautoa mkataba kabatini nikausoma kwa miwani ya Samina. Kweli kifungu kimo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mimi naruhusiwa kuchukua vya watu mtandaoni kutwa nzima, ila watu wasichukue kitu kwangu. Nikitaka seva, nihamie mkataba wa biashara, na fomu yake inauliza mashine imehifadhi nini na nani wanaoifungua. Yaani nikae nijaze fomu, nieleze mama yangu alikuwa anasema nini!

Lakini kilichonikaa rohoni si kifungu. Ni hilo neno "taarifa". Taarifa kutoka kwa nani? Unajua tulivyo hapa. Tangu Hifadhi ya Bahari ianze, wavu wa mtu ukikamatwa hakuna anayeuliza matundu yake yalikuwa madogo kiasi gani. Tunauliza nani aliyesema. Mimi ninayeuza nyavu nimeyasikia hayo dukani miaka mingi, yakaniingia.

Nikamtazama Hemedi. Jirani yetu yule yule wa ukuta kwa ukuta. Nguzo ya antena yetu imesimama uani kwake, kwa hisani yake. Wiki moja kabla ya barua alikuwa ameniuliza ile mashine yenye taa za kijani ina kazi gani, mbona haizimwi. Kisha nikamwona barazani anazungumza na Sadick, fundi wa kampuni, wanacheka. Na mwaka juzi wavu wake ulipochukuliwa, kuna watu walinishuku mimi. Basi, nikajumlisha, nikasema huyu analipiza. Nikaacha kumsalimia. Akinipa salamu naijibu kwa midomo bila sauti. Samina akaniambia nina wazimu. Nikamshuku na yeye.

Aqeel, tarehe nane Septemba Bi Mwanasiti alifariki. Mama yake Hemedi, aliyekukanda wewe ulipozaliwa, akakulea miezi mitatu Mama alipokuwa amelazwa. Walimzika alasiri. Jeneza lilipita mbele ya duka letu, na mimi nilikuwa ndani najifanya napanga kamba. Samina alikwenda kwa wanawake wenzake. Mimi sikwenda makaburini, wala kwenye hitima sikukanyaga. Kilindoni nzima iliona.

Tarehe mbili mwezi huu Sadick akaja kuangalia kama nimezima. Nikambana anitajie aliyenisema. Akacheka kidogo, akafungua simu yake akanionyesha malalamiko yenyewe. Kiswahili safi, cha adabu: mtuongezee kasi ya seva yetu ya nyumbani Kilindoni, kwa sababu mimi niko Toronto na sauti ya marehemu mama yetu inakatika-katika. Chini yake namba ya mkataba wangu, na jina lako kamili.

Niliketi juu ya marobota ya nyavu. Najua ulitaka kumsikia Mama vizuri. Lakini ulishindwa kuniambia mimi kwanza? Na nilivyo, nikaanza kukushuku na wewe, kwamba labda unataka ifungwe huku ili vitu vya Mama vihamie kwako. Nimeona haya kuliandika hili, lakini ndilo nililoliwaza.

Seva nimeizima. Kila kilichomo nimekinakili kwenye diski, anakuja nayo Mwanaharusi, binti wa Rukhsana, pamoja na barua hii. Usiiunganishe na chochote kabla hujausoma mkataba wako wa huko, wote, mpaka herufi ndogo.

Juzi nilikwenda kwa Hemedi. Nikamweleza yote, tangu ile barua mpaka jina lako, nikamwomba radhi. Alikuwa anashona wavu, akaendelea kushona mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Kaka Javed, mama alikuwa anakuulizia. Siku tatu za mwisho, kila akizinduka. Nikamwambia umekwenda Dar." Nililia mbele yake, Aqeel, mtu mzima kama mimi.

Nilipoinuka kuondoka akaniuliza, "Na Aqeel naye, umeshaacha kumsalimia?"

Nilivaa viatu nikarudi nyumbani na swali lake. Ni siku kumi na mbili simu zako zinaita nami naziangalia tu mpaka zinakatika. Ukipata barua hii, nipigie. Nitapokea.

Nisalimie sana Banu na wanao. Samina na Rukhsana wanakusalimu. Mpigie na Hemedi umpe pole kwa mdomo wako. Mola awalinde ugenini, awape afya, na atukutanishe tungali hai.

Mimi nduguyo nikupendaye, pamoja na roho yangu hii mbaya,

Javed