Nilidhani Ni Pambo

Jumanne, mwisho wa Oktoba

Mzee Karl, jirani yetu anayeishi peke yake, tangu wiki jana anapamba ua wake kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya kutishana: maboga, mafuvu, sanamu za maiti zilizolazwa nyasini. Mchana nilipotoa taka niliona moja zaidi chini ya mti, imelala kifudifudi. Nikajisemea, huyu mzee hachoki. Nikarudi ndani.

Nusu saa baadaye, nikienda kazini, ile sanamu ikakunja vidole.

Nilimkimbilia: ni Mzee Karl mwenyewe. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akitundika utando wa buibui wa bandia, na midomo imeshageuka rangi kwa baridi. Nikamfunika koti langu, nikapiga simu ya dharura.

"Nilikuona ukipita," akaninong'oneza. "Nilitaka kukuita, sauti ikagoma."

Miaka kumi na moja nauguza watu. Ningechelewa dakika chache tu...

Jioni hii binti yake amepiga simu. Nyonga imevunjika, ila atapona. Amenishukuru huku akilia, na mimi sikuthubutu kumwambia kwamba nilimpita baba yake. Nimeahidi kwenda kumwona mzee hospitalini kesho. Tangu nikate simu sijui nitamtazamaje.